Mpima Miwani na Mwaka Mmoja wa Ziada

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya mtu ambaye wengi wetu tunamfahamu kwa jina la mpima miwani. Ni yule anayekukalisha kitini, akakuvalisha fremu nzito ya chuma, akakubadilishia vioo kimoja baada ya kingine huku akikuuliza: kipi kizuri, hiki au kile? Mwisho anaandika namba kwenye karatasi, nawe unakwenda kuchagua fremu inayopendeza usoni. Jina lake la kitaalamu ni mtaalamu wa optometria. Si daktari bingwa wa macho, yaani yule aliyesomea kwanza udaktari wa binadamu kisha akabobea katika macho, na ambaye ndiye anayeshika kisu. Wala si fundi wa kukata vioo. Yuko katikati ya hao wawili, na hapo katikati ndipo penye maneno.

Huko Marekani mtu huyu kwa kawaida husoma miaka minne baada ya shahada yake ya kwanza, akatunukiwa shahada ya Udaktari wa Optometria. Hufanya mitihani ya bodi ya taifa, jimbo lake humpa leseni, na kesho yake anaweza kuanza kazi na kulipwa vizuri. Walio wengi hufanya hivyo. Lakini wapo wachache ambao, wakiwa na leseni mkononi, huomba kurudi tena chini ya mwalimu kwa mwaka mmoja zaidi, kwa posho iliyo ndogo mno ikilinganishwa na mshahara wanaouacha mezani. Mwaka huo, ambao kwa kawaida huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni, wao huuita residensi. Mimi nitauita uanagenzi wa hospitali, kwa sababu ndivyo ulivyo hasa. Ni mafunzo yale yale ya fundi seremala na mwanagenzi wake, ila hapa badala ya randa na msumeno pana jicho la mtu.

Kwa nini mtu mwenye leseni ajitie katika shida hiyo? Hilo ndilo swali lililonifanya nishike kalamu. Jibu lake, kwa maoni yangu, linatuhusu sisi wa huku kuliko tunavyodhani.

Tuutazame kwanza mwaka wenyewe. Uko uanagenzi wa aina nyingi: wa watoto, wa lenzi za kuvaa ndani ya jicho, wa watu wenye uoni hafifu usiosahihishika kwa miwani, na kadhalika. Ninaouzungumzia leo ni ule wa magonjwa ya macho. Sehemu kubwa ya mafunzo hayo hutolewa katika hospitali za serikali za askari wastaafu, na idara inayoziendesha ndiyo inayofundisha wanagenzi wengi zaidi wa optometria kuliko taasisi nyingine yoyote nchini humo. Sababu si vigumu kuielewa. Askari mstaafu ni mzee. Ana kisukari, ana shinikizo la damu, ana mtoto wa jicho, ana presha ya macho, pengine vyote kwa pamoja. Kwa mwanagenzi, mzee huyo ni kitabu kizima kilichokuja kwa miguu yake.

Asubuhi mwanagenzi anamwita mgonjwa. Anampima uoni, anapima presha iliyomo ndani ya jicho, anamtia matone ya kupanua mboni, anasubiri kama nusu saa, kisha kwa taa na lenzi anachungulia hadi nyuma kabisa, kwenye lile pazia laini linaloitwa retina. Anaandika alichokiona na anachokusudia kufanya. Hapo ndipo mwalimu anapoingia, anachungulia jicho lile lile, na kumwonyesha kishipa kidogo kipya cha damu ambacho mwanagenzi hakukiandika. Kishipa hicho, kwa mtu wa kisukari, ni dalili kwamba jicho linaweza kuvuja damu ndani na kupofuka. Mwanagenzi anainama tena, safari hii anakiona. Hatakisahau maisha yake. Mwanzoni mwa mwaka mwalimu hukagua karibu kila kitu. Kadiri miezi inavyokwenda humwachia nafasi. Jioni kuna kusoma, kuna kueleza mbele ya wenzake mgonjwa aliyemtatiza, na kwa kawaida kabla ya kuhitimu anatakiwa aandike makala ya kitaalamu juu ya ugonjwa mmoja, ya kiwango kinachoweza kuchapishwa.

Nafasi hizo hazitolewi kwa kujuana. Mwombaji hupanga kwa kufuatana hospitali anazozitaka, na hospitali nazo hupanga waombaji wanaowataka, kisha kompyuta huwaoanisha. Aidha lipo baraza la ithibati linalokagua kama hospitali inayojidai kufundisha inafundisha kweli, au imepata tu mfanyakazi wa bei rahisi. (Ningependa sana kuliona baraza la namna hiyo likipita katika fani nyingine kadhaa hapa nchini, ikiwemo fani yangu mwenyewe ya utangazaji.)

Ndugu msikilizaji, usidhani kwamba mambo haya yaliwaangukia Wamarekani kutoka mbinguni. Hadi miaka ya 1960 mtaalamu wa optometria kule alikuwa mtu wa miwani basi. Sheria hazikumruhusu hata kutia tone la kupanua mboni. Januari 1968 wataalamu wachache, miongoni mwao Alden Haffner, walikutana katika uwanja wa ndege wa LaGuardia mjini New York na kukubaliana kwamba fani yao haina budi kubadilika, iweze kutambua magonjwa na kuyatibu. Mwaka 1971 jimbo la Rhode Island likawa la kwanza kuwaruhusu dawa za uchunguzi. Mwaka 1975 uanagenzi ukaanzishwa katika hospitali ya askari wastaafu ya Kansas City. Mwaka 1976 jimbo la West Virginia likaruhusu dawa za kutibu. Mabingwa wa macho walipinga kila hatua, jimbo baada ya jimbo. Jimbo la mwisho kuwaruhusu wataalamu hao kutibu presha ya macho, Massachusetts, lilifanya hivyo mwaka 2021. Hesabu mwenyewe: kutoka West Virginia hadi Massachusetts ni miaka 45.

Ninachotaka ukitazame katika historia hiyo ni kwamba sheria na mafunzo vilikwenda vikishikana mkono. Ruhusa ya kutia tone haina maana kama anayetia hajaona macho mabovu ya kutosha. Na macho mabovu hayaonekani darasani.

Nitatoa mfano mmoja tu, nao ni ugonjwa ambao kwa Kiswahili tunauita presha ya macho, na madaktari huuita glaukoma. Usiuchanganye na presha ya damu. Ugonjwa huu unaua polepole mshipa wa fahamu unaopeleka picha kutoka kwenye jicho hadi kwenye ubongo. Katika aina iliyo ya kawaida hapa kwetu hauumi, hauwashi, jicho haliwi jekundu. Unaanza kula pembeni ya uoni, ukiacha katikati pazima, kwa hiyo mgonjwa anaendelea kusoma gazeti na kuhesabu fedha zake bila wasiwasi. Anajikwaa kidogo, anasema ni uzee. Kilichopotea hakirudi. Dawa, mionzi au upasuaji huzuia tu kisiendelee kupotea.

Sasa mgonjwa wa namna hiyo akianza kuhisi kwamba macho yake hayako sawa, anakwenda wapi? Hospitali ya rufaa? La hasha. Anakwenda penye kibao cha miwani.

Mjomba wangu, mwalimu mstaafu, alifanya hivyo mara tatu katika muda wa miaka minne. Sitataja duka wala mji. Mara ya tatu mimi ndiye niliyemsindikiza, nikakaa pembeni nikisikiliza. Kijana alikuwa na adabu nzuri.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja tena, miwani yenu hii hainisaidii."

"Pole sana baba. Umri nao unachangia. Tutaongeza namba kidogo."

Akaongeza namba. Mjomba akalipa. Miezi michache baadaye alimkanyaga mbuzi aliyelala kando ya njia mchana kweupe, na mke wake akashikilia kwamba lazima apelekwe kwa bingwa. Jicho la kushoto lilikuwa limebakiwa na tundu la kuonea mithili ya mtu anayechungulia kwenye bomba. La kulia liliokolewa nusu. Kijana yule hakuwa mwizi wala mvivu. Namba aliyoandika ilikuwa sahihi kabisa, maana bingwa mwenyewe aliipima na kuithibitisha. Alifanya vizuri kile alichofundishwa kufanya. Tatizo ni kwamba katika ziara zote tatu hakuna aliyetazama nyuma ya jicho.

Na hata angetazama, angeona nini? Hapa ndipo hoja ya uanagenzi inapokaa. Mahali ambapo mshipa wa fahamu unaingilia katika jicho pana kiduara chenye rangi ya chungwa hafifu, na katikati yake pana shimo dogo, kama bonde la kisahani cha chai. Kila mtu analo. Glaukoma hulipanua shimo hilo na kuula ukingo wake. Lakini wapo watu waliozaliwa na shimo pana na hawana ugonjwa wowote. Tena sisi Waafrika, kwa wastani, tuna kiduara kikubwa zaidi na shimo pana zaidi kuliko Wazungu, kwa hiyo anayefuata picha ya kitabu kilichoandikwa kwa macho ya Wazungu anaweza kumtia hofu mzima na kumwacha mgonjwa aende zake. Kupima presha peke yake hakutoshi pia, kwa sababu wapo wenye ugonjwa huu na presha yao iko katika kiwango cha kawaida. Kinachobaki ni jicho lililozoea, na jicho huzoea kwa kuona mashimo mia moja, mia mbili, mia tano, huku mtu anayejua akiwa amesimama nyuma yako anakwambia hili ni ugonjwa, hili sio, hili arudi baada ya miezi sita tulinganishe.

Isije ikasemwa kwamba nazungumzia ugonjwa wa nadra. Watafiti waliwapima watu wa vijiji sita vya wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Katika watu wenye umri wa miaka 40 na zaidi, kama wanne katika kila mia walikuwa na glaukoma. Wanne katika mia! Chukua mkutano wa kijiji, chukua ibada ya Ijumaa au ya Jumapili, chukua abiria wa mabasi mawili ya mkoani, hesabu wenye mvi.

Dhidi ya idadi hiyo tuna mabingwa wangapi? Kwa hesabu za kimataifa za mwaka 2015, nchi zenye kipato cha chini zilikuwa na wastani wa mabingwa 3.7 wa macho kwa kila watu milioni moja, wakati nchi tajiri zilikuwa na 76.2. Kumpata bingwa mmoja ni kusomesha daktari miaka mitano na mwaka wa mazoezi, kisha miaka mitatu au minne ya ubingwa. Na akishapatikana anakaa wapi? Mjini. Nchi yetu ilijaribu kuziba pengo hilo kwa njia yake yenyewe, na ilifanya vizuri: matabibu waliofundishwa macho huko KCMC, Moshi, wakapelekwa mikoani kutoa mtoto wa jicho, wamewarudishia uoni watu wasio na hesabu. Kenya nao wana matabibu wao wa macho wanaofundishwa Nairobi. Ila kazi iliyowapeleka mikoani ni mtoto wa jicho zaidi, ugonjwa ambao ukishafanyiwa upasuaji umekwisha. Glaukoma na kisukari havina mwisho huo. Mgonjwa wake ni wako mpaka mmoja wenu afe.

Kwa hiyo namrudia mpima miwani. Tanzania anatambuliwa kisheria, ana Baraza lake la Optometria, na hapo hapo KCMC anafundishwa. Kenya anafundishwa chuo kikuu kule Kakamega, Uganda anafundishwa Makerere. Nigeria na Ghana wamekwenda mbele zaidi, wanamsomesha miaka sita na kumpa shahada ya Udaktari wa Optometria kama ya Marekani, na Nigeria wana hata chuo chao cha uzamili kwa ajili ya wataalamu hao. Lakini ule mwaka mzima wa kukaa hospitali, baada ya kufuzu, ukiona magonjwa ya macho tu asubuhi hadi jioni chini ya mwalimu, haujawa desturi yetu huku Afrika Mashariki. Mimi nasema uwe.

Nasema uwe, lakini usinakiliwe. Mwanagenzi wa Kansas City hufundishwa kumwogopa mzee wa Kizungu anayelalamika kichwa kinauma, taya linachoka akitafuna, na jicho limefifia ghafla, kwa kuwa hiyo inaweza kuwa mishipa ya kichwa iliyovimba, ikampofusha macho yote mawili ndani ya siku chache asipotibiwa. Ni somo zuri, na kwetu ni ugonjwa wa nadra. Mwanagenzi wa Moshi, wa Mbeya au wa Kisumu ana ya kwake ya kuogopa.

Amwogope mkulima aliyepigwa na jani la hindi wakati wa kuvuna. Kidonda kidogo kwenye kioo cha jicho kinaingiwa na ukungu, yaani fangasi, naye anapewa tone lenye steroidi kwa sababu linapunguza wekundu haraka. Wekundu unapungua, fangasi wananenepa, jicho linatoboka.

Amwogope pia mtoto anayefikicha macho mwaka mzima kwa mzio. Mama anauziwa tone hilo hilo la steroidi dukani, mtoto anapata nafuu, mama anarudi kununua tena na tena bila kuonana na mtaalamu. Baada ya miezi mingi presha ya jicho inapanda kimya kimya na mtoto wa darasa la nne anakuwa na glaukoma aliyoletewa na dawa. Hili, kwa kweli, linaniuma kuliko yote niliyoyasema leo.

Na akiogope kile kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho. Mara nyingi ni kinyama tu cha jua na vumbi, hakina neno. Lakini tangu Ukimwi ulipoingia, huku Afrika Mashariki tumeona saratani ya utando huo wa jicho kwa vijana, na kwa jicho lisilozoea viwili hivyo vinafanana. Anayeona kinyama cha kawaida atakwambia kitakusumbua uzeeni. Anayejua atakupeleka hospitali wiki hiyo hiyo. Kuchelewa hapo huondoka na jicho zima, pengine na roho.

Daktari bingwa mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, alinisikiliza nikiyasema haya akatikisa kichwa. Hofu yake ni kwamba ukimpa mpima miwani matone leo, kesho atataka mionzi, kesho kutwa atataka kisu. Sikumbishia sana, maana huko Oklahoma wataalamu wa optometria waliruhusiwa baadhi ya kazi za mionzi ya leza tangu mwaka 1998, na ugomvi wake haujaisha hadi leo. Tena ana hoja nyingine iliyo nzito zaidi: katika duka la miwani anayepima ndiye anayeuza. Mtu ambaye mkate wake unatokana na fremu ana sababu gani ya kukwambia kwamba miwani haitakusaidia?

Hoja hiyo naikubali. Na ndiyo maana nausifu uanagenzi. Mwaka mzima mtu anakaa mahali ambapo hakuna fremu hata moja ya kuuza. Thamani yake hapo inapimwa kwa alichokiona katika jicho na alichokifanya baada ya kukiona, na mara nyingi kitu bora alichokifanya ni kumpeleka mgonjwa kwa mwingine kwa barua iliyoandikwa vizuri, yenye namba, yenye mchoro, si kile kikaratasi cha maneno mawili ambacho mabingwa wetu hupokea kila siku.

Kuhusu mionzi, nitasema neno moja ambalo rafiki yangu hakulipenda. Huko huko KCMC ulifanyika utafiti juu ya wagonjwa 201 wa glaukoma, ukachapishwa mwaka 2021. Nusu walipewa tone la kila siku la timololi, nusu wakapigwa leza ya aina maalumu. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilikuwa imefaulu kwa asilimia 31 ya macho yaliyopewa tone, na kwa asilimia 61 ya yale yaliyopigwa leza. Mgonjwa wa kijijini hawezi kununua chupa ya dawa kila mwezi hadi kufa. Leza hupigwa, ikarudiwa pale inapobidi. Habari hiyo ni njema, ila inaleta swali: mikono ya kuishika mashine hiyo katika kila mkoa itatoka wapi? Kama si ya mabingwa, kwa kuwa hawatoshi, basi ya nani? Sisemi ni ya mpima miwani. Nasema wanaokataa watupe jina jingine.

Lipo pia suala la fedha, na la walimu. Marekani posho ya wanagenzi wa hospitali za askari hutoka katika hazina ya serikali yao. Hapa kwetu madaktari wanaosomea ubingwa wengi hujilipia wenyewe au hubahatisha mfadhili. Nani atamlipia mtu wa miwani? Na walimu watakuwa wale wale mabingwa wachache, ambao tayari foleni yao inaanzia getini. Mwalimu akilazimika kuchungulia kila jicho mara ya pili, foleni itakwenda polepole zaidi miezi ya mwanzo. Hilo halikwepeki. Ila kufikia mwezi wa sita mwanagenzi huyo anabeba sehemu ya foleni, na akiondoka kwenda mkoani anazuia wengine wasije kujipanga bila sababu.

Kwa maoni yangu tusianze na majengo wala na wimbo wa taifa. Waanze wawili, katika hospitali ambayo tayari inafundisha mabingwa, wakae darasa moja na madaktari hao, waone wagonjwa wale wale. Mabingwa wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini wana chuo chao cha pamoja tangu mwaka 2012, chenye mitihani na viwango vinavyovuka mipaka. Kiwango cha uanagenzi wa optometria kinaweza kuandikwa mezani hapo hapo, na mabingwa wenyewe wakiwa na kalamu mkononi. Wakishaandika wenyewe, hofu ya kisu itapungua. Posho ya vijana wawili kwa mwaka haizidi bei ya gari moja la serikali, na sisemi lile kubwa.

Wakati hayo yakingojewa, msikilizaji wangu uliyetimiza miaka 40, au ambaye baba, mama au ndugu yako wa tumbo moja alipofuka uzeeni bila kujulikana kwa nini, usitoke penye miwani na namba tu. Omba upimwe presha ya macho. Omba nyuma ya jicho kutazamwe, mboni ikiwa imepanuliwa. Ukiwa na kisukari, omba hivyo kila mwaka hata kama unaona vizuri. Kama pale ulipo hawana vifaa au hawana mtu, waombe barua ya rufaa, nao wana wajibu wa kukuandikia. Siku hiyo usiende peke yako wala usiendeshe gari au pikipiki kurudi, kwa kuwa lile tone la kupanua mboni hukuacha na ukungu machoni kwa saa kadhaa na jua huchoma kuliko kawaida. Chukua kofia, na mtu wa kukushika mkono.